Chungu cha Kurudi

Sogezeni vigoda, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Ninayowaletea leo si hadithi ya kubembelezea watoto walale. Ni hadithi ya kugombana. Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara watu wameondoka wamenuniana, mimi nikaenda zangu kula.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Mvungwe, ubavuni mwa mlima, mahali ambapo mashamba yamekatwa ngazi kwa ngazi na mwenye nyumba ya juu anaweza kuhesabu mabati ya mwenye nyumba ya chini. Kijijini humo waliishi watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni mzee Senzige, mkulima wa tangawizi. Huyu alijua udongo. Ungemfumba macho ukamwekea chembe ya udongo ulimini, angekutajia shamba ulikouchota na mwenye shamba, na kama mwenye shamba ni mvivu angekuambia na hilo pia.

Wa pili ni Zaina, msusi wa nywele. Huyu mkono wake wa kulia ulikuwa mtiifu kuliko mikono yote ya kijiji. Mwanamke angekaa mbele yake akamweleza msuko aliouona harusini, mbali huko, msuko ambao Zaina hajawahi kuuona kwa macho yake, na mkono ungeyafuata maneno mpaka msuko ukatokea.

Wa tatu ni Foibe, mchoma matofali. Huyu alijua moto. Akiwa amesimama uani kwake angeutazama moshi wa tanuri la mtu ng'ambo ya bonde akasema, "Yule juu anaunguza, chini kubichi." Hakuwa akikosea, na jambo hilo liliwaudhi wengi.

Mmewashika? Udongo, mkono, moto. Sasa niwaambie kwamba hadithi yenyewe si yao. Ni ya Namsifu, mfinyanzi, na ndiye tutakayefuatana naye mpaka mwisho.

Namsifu alikuwa mfinyanzi pekee wa Mvungwe. Kila jiko kijijini lilikuwa na chungu chake. Alipenda ile kazi mno. Mumewe, Mbazi, alikuwa akimtania kwamba ameoa mwanamke na bonge la udongo kwa mahari moja. Akifinyanga husahau kula, na ukimsalimu anakuitikia baada ya muda, wewe umeshapita.

Mwaka mmoja, masika yalizidi. Asubuhi moja, watu wakiwa wanakunywa uji, mlima ulikatika. Udongo, mawe na miti vilishuka pamoja, vikaichukua nyumba ya Namsifu na Mbazi akiwa ndani, vikachukua banda la vyungu, vikalifukia shimo la udongo wa kufinyangia ambalo bibi za bibi zake walikuwa wakilichimba. Namsifu alikutwa mlangoni, boriti imemlalia mkono wa kulia. Alipona. Mkono ukabaki mahali pake, lakini vidole vitatu viligoma kukunjika.

Wanakijiji walimpa chumba katika stoo ya ushirika na wakapangiana zamu za kumlisha, kila siku nyumba moja. Hawakuruka hata siku moja. Ila Namsifu alikula kwa sababu chakula kimeletwa, akalala kwa sababu giza limeingia. Alikuwa hataki kuishi, na nasema hivyo waziwazi kwa sababu mwenyewe baadaye alikuwa akisema hivyo waziwazi. Jambo moja tu lilimsaliti. Waliokuja kuchukua vyombo walikuta majivu ya jikoni yamechorwa kwa kidole cha mkono wa kushoto, mistari na pembe, nakshi za shingo ya chungu. Akisikia hatua anazifuta haraka, kana kwamba amefumaniwa.

Hapo tusimame kidogo niwape desturi ya Mvungwe, maana bila hiyo hamtaelewa watu hawa waligombania nini. Mfinyanzi akiacha kazi kwa msiba au ugonjwa, halafu akarudi, chungu cha kwanza kutoka motoni kikiwa kizima huitwa chungu cha kurudi. Hakiuzwi wala hakipikiwi. Mfinyanzi hukibeba kichwani mwenyewe mpaka mlango wa mtu aliyemrudisha kwenye udongo, na nyumba hiyo ndiyo inayotoa mwanafunzi wa kukaa kulia kwake na kurithi kazi. Mwanafunzi ni mmoja. Zamani waliwahi kukalisha wawili. Mmoja akavunja vyungu vya mwenzake, na nyumba zile mbili mpaka leo hazizikani. Tena chungu hicho hakilali kwa mfinyanzi. Jua likizama kikiwa bado kwake, kinavunjwa, na yeye hafundishi mtu tena maisha yake yote.

Namsifu hakuwa na mtoto wala mwanafunzi. Kazi yote ilikuwa ndani ya mkono ule usiokunjika.

Siku ya zamu ya mzee Senzige, mzee alileta viazi vikuu, akaketi, akayaona majivu kabla hayajafutwa vizuri.

"Mke wa Mbazi," akasema, "kufinyanga umeacha?"

"Shimo limefukiwa, mzee wangu. Na mkono ndio huu."

"Mkono siujui. Nimekuuliza udongo."

"Udongo haupo."

Mzee aliinuka. Alikwenda akazunguka mlima mzima siku nne, akichota, akionja, akitema. Siku ya tano alisimama katikati ya shamba lake mwenyewe, ngazi pekee aliyoachiwa na mporomoko, tangawizi ikiwa na miezi sita ardhini na bado miezi mitatu ikomae. Alionja, akaonja tena. Ule mkanda wa udongo wa kijivu uliokuwa ukilisha shimo la zamani ulikuwa unapita chini ya miguu yake. Mkewe akamwambia, "Baba Eliya, subiri basi tuvune." Akasema, "Huyu mama hatafika mavuno." Akang'oa tangawizi changa ambayo hakuna mnunuzi anayeitaka, akachimba siku nane. Shamba likageuka shimo, na mvua ya kwanza ikabomoa kingo, ikashuka na rutuba iliyobaki. Siku ya tisa aliingia stoo na bonge la udongo mbichi kwenye jani la mgomba, akaliweka mapajani pa Namsifu. Namsifu aliukandamiza kwa kiganja cha kushoto, akaunusa, halafu akalia. Hakuwa amelia tangu mazishi.

Habari ilipotambaa kwamba mama wa vyungu ameshika udongo, watu walileta vigae. Kwa kawaida mfinyanzi hutwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuchanganya na udongo mbichi ili usipasuke motoni, na vya Namsifu vilikuwa vimekwenda na nyumba. Basi kila jiko lilitafuta chungu chake kilichokufa. Wengine walileta na vizima, wakavivunja pale pale mlangoni. Namsifu aliwatazama wakivunja kazi yake ya miaka ishirini ili apate kazi ya kesho, akashindwa kusema asante, akaingia ndani.

Lakini mkono ulikuwa ule ule. Alijaribu na wa kushoto. Ukuta wa chungu ulipanda shubiri moja ukaanguka. Akajaribu tena, ukaanguka tena. Mara ya sita akaurusha udongo ukutani.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Zaina. Aliingia na sahani ya makande, akaona udongo ukutani, akaubandua taratibu. Halafu akaketi chini, upande wa kulia wa Namsifu, akakunja mkono wa nguo.

"Niambie," akasema.

"Nikuambie nini?"

"Mkono wako ungekuwa mzima ungefanya nini sasa hivi? Niambie hilo."

Wakaanza hivyo. Mkono wa kushoto wa Namsifu ndani ya chungu, mkono wa kulia wa Zaina nje, na maneno katikati. "Sukuma. Usikandamize, sukuma. Sasa fuata kidole changu." Siku arubaini walikaa hivyo. Wateja wa Zaina walimngoja wiki mbili, wakachoka, wakamhamia msusi mwingine. Hata aliporudi kwao kidogo kidogo walimkataa, wakisema mikono imekuwa na magamba inang'oa nywele. Zaina hakuwa na shamba wala mume, alikuwa na vichwa vya watu vya kusuka, basi. Navyo vikaondoka.

Msidhani Namsifu alikuwa anafurahi siku zote. Alimwonea wivu Zaina. Kuona mkono wa mtu mwingine ukifanya lile tendo alilolipenda kuliko yote kulimchoma, na kuna siku alimkaripia bila kosa, Zaina akatoka nje akarudi. Halafu ikaja siku ya chungu kikubwa. Walikuwa wamefika mdomoni, pale pagumu, na Namsifu alikuwa hajafungua kinywa, mkono wa Zaina ukaukunja udongo nje kidogo na kuupinda ndani.

"Sijakuambia hivyo," Namsifu akasema.

"Najua. Niliona ndivyo kinavyotaka."

Namsifu alikitazama. Ndivyo kilivyotaka. Alichukua kijiti kwa mkono wake wa kushoto, akachora nakshi za shingo mwenyewe, zikaja zimepinda, akaziacha zilivyo. Siku hiyo alitambua kwamba anataka kuendelea kuishi, angalau mpaka chungu kile kikauke.

Wakawa na vyungu saba. Vikakaushwa kivulini wiki tatu. Ikabaki kuchoma.

Hapa kuna desturi nyingine, nayo ndiyo nusura iue kila kitu. Mfinyanzi wa Mvungwe akishawasha moto hasemi. Tangu mwali wa kwanza mpaka vyungu vitolewe, hatoi neno, haitiki, haguni. Akisema, moto huo umeharibika, na kitakachotoka humo hakihesabiwi. Msiniulize kwa nini. Nanyi kwenu mna yenu.

Namsifu alipanga vyungu katika uwanja wa ushirika, akavifunika kuni na nyasi kavu, akawasha saa nane mchana, kiangazi, mbingu nyeupe. Watu walisimama mbali kidogo kama inavyopasa, Zaina na mzee Senzige wakiwa mbele yao. Saa tisa, upepo ukageuka. Wingu lilitoka nyuma ya mlima, wingu ambalo halikuwa na kazi ya kutokea mwezi ule, na matone makubwa yakaanza.

Mnajua maji ya baridi yakigusa chungu kilicho motoni kinafanyaje. Cha kwanza kilipasuka kwa mlio mkavu, watu wote wakausikia. Namsifu alizunguka moto akitupa nyasi, nyasi zikilowa kabla hazijashika. Zaina alimkimbilia. "Mama, nifanye nini? Niambie nifanye nini." Namsifu alimtazama tu. Mkono ule mtiifu ulikuwa umesimama hewani ukingoja maneno, na maneno ndiyo pekee aliyokatazwa. Mzee Senzige alishika kofia yake kwa mikono miwili. Udongo aliujua, moto ulimshinda. Cha pili kikapasuka. Cha tatu.

Sasa niwaambie habari ya Foibe, niliyekuwa nimemweka pembeni kwa makusudi.

Foibe alikuwa dada yake marehemu Mbazi, yaani wifi yake Namsifu, na walikuwa hawasemezani kwa miaka saba. Chanzo chake kilikuwa hiki. Foibe alimleta binti yake, Nanzia, afundishwe kufinyanga. Namsifu alimshika yule binti kiganja, akakipindua, akasema mbele ya watu waliojaa uwanjani kwa msiba wa jirani, "Mkono wa huyu mzito. Mpelekeni kwenye matofali." Huenda ilikuwa kweli. Lakini kuna ukweli unaosemwa jikoni, wewe na mwenzako, na yeye aliusema uwanjani. Nanzia alicheka na wengine siku ile, akaenda kulia nyuma ya choo. Foibe hakusahau. Hata maporomoko yalipotokea, alimzika kaka yake, akamfunika wifi yake shuka bila kumtazama usoni, akaondoka. Katika zamu za chakula alimpeleka Nanzia.

Siku hiyo Foibe alikuwa uani kwake, juu kidogo ya ushirika. Aliona moshi umegeuka mweupe, akajua moto unakufa chini. Alimwona wifi yake akizunguka kimya. Watu wengine walingoja mfinyanzi aseme anahitaji nini. Foibe hakungoja. Kwa miaka saba alikuwa amezoea kumsoma mwanamke yule bila kupewa neno.

Alipanda juu ya nyumba yake mwenyewe na nyundo, akang'oa mabati matano. Akashuka, akang'oa mlango. Akavunja kitanda chake. Alimwita Nanzia, na mama na binti wakashuka na mizigo ile, na alipofika uwanjani hakumtazama Namsifu hata kidogo.

"Wewe msusi, shika hapa," akamwambia Zaina. "Mzee, simama pale, bati liegemee upande wa upepo. Usiliinue. Nanzia, leta matofali, panga nguzo nne." Akaingiza mbao kavu za kitanda chini ya moto, moja moja, mahali ambapo yeye peke yake alijua panahitaji. Mlango ukafuata. Moshi ukarudi kuwa wa bluu. Nanzia alishika bati la mwisho mvua nzima kwa sababu matofali ya nguzo yalikuwa yamepungua, na bati likapata moto, na hakuliachia. Mvua ilinyesha saa nzima. Ndani ya nyumba ya Foibe, unga, nguo na magunia ya maharagwe ya mbegu vilikuwa vinaelea.

Mvua ilipokatika Foibe alijifuta uso, akaondoka. Na Namsifu, aliyekuwa na miaka saba ya maneno ya kumwambia, hakuweza kusema hata moja.

Asubuhi iliyofuata majivu yalipoa, wakafukua. Vyungu sita vilikuwa vimepasuka. Kimoja kilitoka kizima, kile kikubwa, chenye mdomo uliokunjwa bila kuelekezwa na nakshi zilizopinda. Namsifu alikigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia vizuri. Watu wakapiga vigelegele. Yeye hakupiga. Alilitazama jua.

Mwenyekiti wa kijiji aliita kikao pale pale uwanjani, maana kila mtu alikuwa na la kusema.

"Tupige kura," akasema mwenyekiti.

"Kura haikuwepo nilipokuwa nachora majivu," Namsifu akamjibu.

Mwingine akasema, "Kiwe cha kijiji. Humo ndani mna vigae vya majiko yetu sote."

"Kijiji hakiketi kulia kwangu, ndugu yangu. Anaketi mtu."

"Basi waketi watatu."

Hapo wazee wa zile nyumba mbili zisizozikana walitazamana, wakatazama chini, na hoja ikafa yenyewe. Namsifu akasema ataamua mwenyewe, ila kwanza atakwenda kwa kila mmoja. Alikwenda kwa miguu, chungu akakiacha stoo.

Mzee Senzige alikuwa amekaa ukingoni mwa lile shimo. Mjukuu wake, Mkunde, msichana wa miaka kumi na minne, alikuwa anafukua mabaki ya tangawizi kingoni kuona kama kuna ya kuokoa.

"Sikukuchimbia ili unilipe," mzee akasema. "Ila umeuliza, nami nitakujibu. Huyu mtoto nilikuwa namwachia shamba. Sasa namwachia shimo. Akijua kufinyanga, shimo hili ni urithi. Asipojua, ni shimo. Na bila udongo, mke wa Mbazi, wale wengine wangekusaidia kwa kitu gani?"

"Amewahi kushika udongo?"

"Hajawahi. Nawe siku ya kwanza ulikuwa hujawahi."

Zaina alikuwa chumbani kwake, kitana na mafuta ya nywele vipo juu ya kigoda, na hakuna mtu kwenye mkeka.

"Mimi sina mtoto wa kukuletea, mama," akasema. "Ningekuja mwenyewe. Siku arubaini nimekuwa mkono wako. Chungu hicho ukikitazama, ni wapi unaishia wewe na wapi naanzia mimi? Ukimkalisha mwingine kulia kwako, itabidi umfundishe yale niliyokwisha kuyajua. Mimi nitarudi kusuka, kama kuna atakayekubali. Lakini mkono wangu umeshajua. Nitaufanyaje usijue?"

Namsifu alikitazama kile kitana. Alitaka kumwambia kwamba yeye ndiye mfinyanzi wa kweli, hakuna mwingine aliyezaliwa kijijini tangu yeye mwenyewe. Aliogopa kusema jambo ambalo huenda jioni angelivunja.

Kwa Foibe alisimama uani, maana mlango haukuwepo wa kubisha. Nanzia alikuwa amefungwa vitambaa viganja vyote viwili. Foibe alikuwa anaanika maharagwe ya mbegu yaliyokwisha chipua.

"Wifi," akasema Namsifu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka saba.

Foibe aliendelea kuanika. "Najua umekuja kusema nini. Sikiliza la kwangu kwanza. Wale walikusaidia wakikupenda. Mimi nilishuka na mabati nikiwa bado nimekuchukia. Sasa pima mwenyewe upi ulikuwa mzito. Ukinipa chungu, watu watasema umenunua msamaha wangu. Usiponipa, huyu binti atajua mara ya pili, mbele ya kijiji kizima, kwamba kiganja chake hakifai."

"Nionyeshe," Namsifu akamwambia Nanzia.

Binti akafungua vitambaa. Namsifu akakishika kiganja kama alivyokishika siku ile ya msiba. Kilikuwa kimeungua vibaya. Na nyinyi mnaonisikiliza msitake niwadanganye: mkono wa Nanzia ulikuwa bado mzito. Namsifu aliusikia vile vile. Mkono mzito unaweza kufundishwa ukafinyanga vyungu vya kupikia, vinene, vya kudumu. Hautakunja mdomo wa chungu bila kuelekezwa, leo wala baada ya miaka thelathini. Alitazama juu, Nanzia alikuwa anamtazama usoni akingoja, na Namsifu akaufunga mkono ule vitambaa tena, polepole.

Jua lilikuwa limeshaugusa mlima aliporudi stoo. Alisokota kata ya kitambaa, akaiweka kichwani, na majirani wakamsaidia kujitwika chungu. Akatoka.

Chini ya ushirika kuna njia panda. Njia ya kushoto inashuka kwa mzee Senzige, penye lile shimo. Ya katikati inakwenda kwenye chumba cha Zaina. Ya kulia inapanda kwenye nyumba isiyo na mlango. Kutoka hapo milango yote mitatu inaonekana, na watu walikuwa wamesimama katika kila mmoja. Mkunde alikuwa ametawadha miguu. Zaina alikuwa ameegemea kizingiti, mkono wa kulia ameuficha kwapani. Nanzia alikuwa amesimama peke yake. Mama yake alikuwa amewapa watu mgongo, anajifanya kukusanya maharagwe.

Namsifu alijua mambo mawili. Pasipo yeyote kati ya watatu hawa, kichwani pake pasingekuwa na kitu, na huenda yeye mwenyewe asingekuwepo. Na mlango wowote atakaoingia, atakuwa amewafungia wawili waliomfufua. Jua lilikuwa limebaki ukucha. Kijiji kizima kilinyamaza kiasi kwamba alisikia chungu kikivuma kidogo kwa upepo uliokuwa ukipita mdomoni mwake. Akainua mguu.

Mimi mguu huo nauacha hapo hapo hewani. Nyinyi ndio mtaushusha.

Basi semeni. Ni njia ipi? Wewe uliyetikisa kichwa pale kwa mzee, na wewe mama uliyefuta macho kwa Zaina, na wewe kijana uliyeguna kwa Nanzia, kila mtu ataje mlango wake na sababu yake. Lakini sitaki jibu nusu. Ukishataja mlango, niambie na hili: kesho asubuhi utakapokwenda kuteka maji, ukipita mbele ya ile milango miwili uliyoiacha, utawaamkiaje waliomo?